Data za angani zitengewe fedha kabla ya roketi kuruka

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalosahaulika katika shamrashamra za kurusha vyombo vya angani: nani atatunza data zake, na kwa fedha zipi, miaka 30 baadaye?

Chombo cha Magellan kiliizunguka Zuhura kuanzia 1990 hadi 1994, kikiipiga picha kwa rada kupenya mawingu yake mazito. Mwaka 2023, wanasayansi Robert Herrick na Scott Hensley walilinganisha picha mbili za 1991 zilizopishana miezi minane. Tundu la volkano kwenye mlima Maat Mons lilikuwa limepanuka kutoka kilomita za mraba 2.2 hivi hadi karibu 4, na umbo lake limegeuka. Kumbe ushahidi wa volkano hai ulikuwa ghalani muda wote huo! Haukuwa rahisi kuuona: picha za mizunguko tofauti zilipigwa kwa pembe tofauti, na kompyuta za wakati ule zingelemewa na wingi wake. Ilibidi data zisubiri vifaa vya kuzisomea.

Data za Mwezi hazikubahatika hivyo. Vipimajoto vilivyochimbiwa na wanaanga wa Apollo 15 na 17 viliendelea kutuma vipimo hadi 1977, lakini kanda nyingi za sumaku zilizorekodi vipimo vya baada ya 1974 zilitawanyika. Msako mrefu ulipata kanda 440 tu, za miezi michache ya 1975. Hizo chache zilisaidia kueleza, mwaka 2018, kwa nini udongo ulizidi kupata joto: nyayo za wanaanga zilifukua udongo mweusi zaidi, unaofyonza zaidi mwanga wa jua. Je, zilizopotea zingetueleza nini?

Wapo wanaosema yatosha kuhifadhi matokeo yaliyochapishwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 2007, mwanaastronomia Duncan Lorimer na wenzake walitangaza mlipuko wa mawimbi ya redio kutoka angani usiofika sekunde moja, waliouona katika data za darubini ya Parkes, Australia, za mwaka 2001. Data hizo zilikusanywa kutafuta pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya mawimbi ya redio. Lau ingehifadhiwa orodha ya pulsa peke yake, mlipuko huo, uliozaa tawi zima la utafiti, ungetupwa pamoja na takataka.

Data ghafi bila maelezo nazo hazifai kitu. Mhandisi anayejua kihisi kipi kilianza kutoa vipimo visivyo sahihi, na tangu lini, atastaafu; diski nazo huchakaa. Kwa hiyo mashirika ya anga yasiidhinishe safari yoyote ambayo bajeti yake haina fungu la kunakili data kwenye vifaa vipya kila inapobidi, na la kuwalipa wahandisi waandike maelezo hayo wangali kazini.

Msomaji wako