Risala ya Wahudumu wa Kliniki ya Kinywa na Koo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Saratani ya Kichwa na Shingo Duniani, 27 Julai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa mkoa na wilaya,
Viongozi wetu wa dini,
Madaktari, wauguzi, wagonjwa wetu na ndugu mnaowauguza,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima hadi siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua una majukumu mengi, hivyo yaliyo mepesi tutayapitia haraka. Ombi letu moja tutalieleza kwa kirefu, kwa kuwa limekwisha elezwa kwa kifupi mbele ya wageni rasmi waliokutangulia na halijatekelezwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kliniki yetu ilianza na kiti kimoja cha meno, taa ya kuazima na kaunta buku la kuandikia wagonjwa. Leo ina chumba chake, siku yake maalumu katika wiki na ushirikiano wa karibu kati ya madaktari wa meno na wale wa masikio, pua na koo. Hayo ni mapinduzi makubwa, nasi tunajivunia.

Mafanikio mengine ni mafunzo kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya. Tumewafundisha kukagua kinywa kizima kwa dakika chache na vifaa vya bei ndogo: taa ya kichwani, kioo cha meno, glavu na kipande cha shashi. Mgonjwa anavua meno ya bandia, anakaguliwa midomo, mashavu kwa ndani, fizi na kaakaa. Kisha ncha ya ulimi inashikwa kwa shashi na kuvutwa nje, kulia na kushoto, kwa sababu pembeni mwa ulimi na chini yake ndiko saratani hupenda kujificha. Mwisho shingo inapapaswa pande zote mbili. Kidonda au baka jekundu au jeupe lisilopona kwa wiki tatu, sauti iliyokwaruza kwa muda huo huo, jino linalolegea bila sababu, uvimbe shingoni, sikio linalouma upande mmoja wakati halina ugonjwa: yeyote mwenye dalili mojawapo analetwa kwetu. Na kweli wanaletwa. Hapo ndipo shida yetu inapoanzia, ila kwanza turuhusu tugusie hali ilivyo nchini.

Mheshimiwa, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kuwa mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani takriban 40,000. Saratani za kinywa na koo hazimo katika nafasi za mwanzo kama za mlango wa kizazi, tezi dume na matiti, ndiyo maana husahaulika kwenye mipango. Visababishi vyake vinajulikana vizuri. Kuna sigara, ugoro, na tambuu yenye popoo, ambayo shirika hilo hilo limeitaja kuwa inasababisha saratani hata isipochanganywa na tumbaku. Kuna pombe, na anayekunywa huku akivuta hatari yake inazidi sana ile ya kila kimoja peke yake. Kuna pia kirusi cha papiloma (HPV), kinachoenea kwa kujamiiana, ambacho huko Marekani na Ulaya kimebadilisha kabisa sura ya saratani ya koo. Tunaishukuru Serikali kwa chanjo yake, iliyoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018.

Kuhusu takwimu za hospitali, tunaomba viongozi wetu wazisome kwa uangalifu. Daftari la hospitali linahesabu waliofika, na aliyefia nyumbani na uvimbe wake hayumo. Mkoa ukipangiwa daktari bingwa wa koo, idadi inapanda mwaka ule ule ingawa ugonjwa haujaongezeka. Akihama, idadi inashuka na watu wanadhani tumeushinda. Pia kuna uandishi. Ukiandika "saratani ya koo" bila kutaja sehemu, mgonjwa wa umio (njia ya chakula) anachanganywa na wa zoloto (kisanduku cha sauti) na wa tonsili, wakati visababishi na tiba zao ni tofauti. Kubwa kuliko yote, mgonjwa ambaye kinyama chake, yaani kipande kidogo cha nyama kilichokatwa penye ugonjwa, hakikupimwa anabaki ameandikwa "inashukiwa", na asiyethibitishwa hapati nafasi yake katika hesabu ya nchi. Picha ya taifa inategemea maabara za patholojia, zinazopima vinyama hivyo, na mkoa usio na maabara hiyo huonekana kama mkoa usio na saratani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo ndipo lilipo ombi letu: maabara ya kupima vinyama hapa hapa mkoani.

Tunaomba uvumilivu wako tueleze kazi yenyewe, ili asije mtu akasema ni anasa. Daktari anapotilia shaka kidonda cha ulimi, anakata kipande kidogo ukingoni, penye kidonda na nyama nzima kwa pamoja. Akikata katikati anapata usaha na nyama iliyokufa, na majibu yanarudi "hakuna cha kutosha kusoma". Kipande hicho kinatumbukizwa mara moja katika formalini (dawa ya kuzuia nyama isioze) ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake au zaidi, katika kopo lenye mdomo mpana. Formalini hiyo tunaichanganya wenyewe: mililita 100 za formalini kali kwa mililita 900 za maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa), gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye haidrojeni moja. Kipande kikae humo saa 6 hadi 72. Kikiwekwa kwenye spiriti kinasinyaa. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kinaoza njiani.

Baada ya hapo kinapitishwa kwenye alkoholi kuanzia asilimia 70 hadi 100 ili maji yatoke, kisha kwenye zailini, kemikali inayoondoa alkoholi, kisha kwenye nta iliyoyeyushwa kwa nyuzi 60 hivi. Nta ikiganda, kinakatwa kwa mikrotomu, mashine ya kukatia, vipande vyembamba vya maikromita 3 hadi 5, vinawekwa vielee juu ya maji ya uvuguvugu, vinabandikwa kwenye kioo, vinapakwa rangi za hematoksilini na eosini, ndipo daktari bingwa anavisoma kwa darubini. Kazi yote, ikiwa kila kitu kipo, inaweza kukamilika kwa siku tatu hadi tano.

Ukiacha formalini na makopo yake, sisi hatuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo. Vinyama vyetu vinasafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, vimefungwa kwenye boksi pamoja na vifurushi vya watu. Kopo likivuja, formalini inatoka na kipande kinakauka. Karatasi ikilowa, jina linafutika. Kipande kisicho na jina hakipimwi, na mgonjwa anaitwa kukatwa tena. Hata kikifika salama kinaingia kwenye foleni ya mikoa mingine isiyo na maabara kama sisi. Majibu yanarudi baada ya wiki nyingi, na mengine hatuyaoni kabisa. Hatuwalaumu wenzetu wanaotupimia. Wamezidiwa, nao wanafanya kazi usiku na mchana.

Wiki hizo ndizo zinazoamua uhai wa mtu. Uvimbe wa ulimi ambao haujazidi sentimita 2 na haujafika kwenye tezi za shingo unakatwa, mgonjwa anarudi nyumbani akiongea na kula. Ukiachwa ukavuka sentimita 4 na kuteremka shingoni, tunazungumzia upasuaji mkubwa, bomba la chakula, pengine tundu la kupumulia shingoni, na mionzi mara 35, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki saba, katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, mbali na nyumbani. Kabla ya mionzi meno mabovu lazima yang'olewe na vidonda vipewe kama wiki mbili vipone, la sivyo mfupa wa taya unaweza kuoza. Na hakuna hospitali itakayompangia mgonjwa mionzi bila karatasi ya majibu ya kinyama. Mgonjwa anakaa na barua ya rufaa mkononi huku uvimbe unakua.

Wapo wanaouliza kwa nini tusianze tiba kwa kuangalia kwa macho. Mheshimiwa, macho yanadanganya. Uvimbe wa shingo unaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, ambacho kinatibiwa kwa vidonge vya miezi sita, au ukawa saratani iliyotoka nyuma ya pua. Akipewa vidonge vya kifua kikuu mgonjwa wa saratani, miezi hiyo yote imepotea. Baka la zambarau kwenye kaakaa linaweza kuwa saratani ya Kaposi, ambayo kwa mwenye VVU tiba yake huanza na dawa za kufubaza. Uvimbe wa taya wa mtoto unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga ya mwili, ile iliyoelezwa Uganda mwaka 1958, ambayo huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili, lakini hukubali dawa vizuri ikiwahiwa. Mtoto huyo hawezi kungoja basi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote tunalazimika kukumbusha yaliyopita. Ombi hili lilisomwa katika viwanja hivi na kupigiwa makofi. Tuliahidiwa kuwa litaingia katika bajeti inayofuata, kisha inayofuata tena. Chumba kilitengwa kweli. Kina vigae vyeupe, sinki mbili za chuma na meza za zege, na juu ya mlango pameandikwa MAABARA YA PATHOLOJIA kwa rangi ya bluu. Utepe ulikatwa. Ndani yake leo kuna vitanda vilivyovunjika na maboksi ya fomu za zamani. Tunaomba, kabla hujaondoka, upite ukione. Ufunguo anao muuguzi wa zamu na ameshaarifiwa.

Tunachoomba kijazwe humo ni hiki: mashine ya kuchakata vinyama, kifaa cha kumwagia nta, mikrotomu na visu vyake, bafu la maji ya uvuguvugu, oveni ndogo, kabati la kuvuta mvuke wa formalini na zailini usiwadhuru watumishi, na darubini mbili, moja iwe na kamera. Tunasisitiza umeme. Mashine ya kuchakata hufanya kazi usiku kucha, na umeme ukikatika katikati vipande vinaweza kubaki hewani vikakauka au vikaiva kwenye nta, na vya wagonjwa wote wa siku hiyo vikaharibika pamoja. Kwa hiyo betri za akiba ziwe sehemu ya ununuzi tangu mwanzo. Tumeona mashine za msaada zikinyamaza kwa kukosa kipuri kimoja au kopo la zailini. Tunaomba mkataba wa matengenezo na kifungu cha kila mwaka cha kemikali, nta, visu na vioo.

Upande wa watumishi, tunaomba wateknolojia wawili waliosomea histolojia (kuandaa vinyama kwa darubini) na daktari bingwa mmoja wa patholojia. Daktari akichelewa kupatikana, hao wawili wanaweza kuanza: wataandaa vioo hapa, watavipiga picha kupitia darubini yenye kamera, na daktari aliye mkoa mwingine atavisoma. Hilo pekee litafuta safari ya basi.

Sisi kwa upande wetu tumeshafanya yaliyo ndani ya uwezo wetu. Makopo yenye mdomo mpana tunanunua kwa michango yetu. Kila kinyama kina namba katika daftari letu, na sehemu halisi kilipotoka imeandikwa. Maabara ikifunguliwa Jumatatu, Jumatatu hiyo hiyo tuna vinyama vya kupima.

Mheshimiwa, hatukuombi utujibu kwa maneno mazuri, tumeshayapata mengi. Tunaomba utamke leo ni kifungu gani cha bajeti, ni afisa gani atakayesimamia, na ni tarehe gani chumba kile kitafunguliwa. Kama haiwezekani mwaka huu, tunaomba tuambiwe hivyo waziwazi, ili tujue wagonjwa wetu tuwaelekeze wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.