Barua kwa mwanangu anayekwenda kuripoti kazini

Mwanangu Somoe,

Hongera tena. Mama yako ameshatangaza mpaka kwa wauza dagaa kwamba binti yake ni mtendaji wa kijiji, kwa hiyo ukiharibu huko Tunduru sisi hapa hatuna pa kujificha.

Kilichoninyima usingizi ni maneno ya mwisho ya ujumbe wako: "Baba, mimi si mwizi. Wasiochangia darasa nitawashughulikia." Kwamba si mwizi najua. Tangu mdogo ukitumwa chumvi chenji inarudi yote. Shida yangu ni hilo la kushughulikia.

Siku ile ulipobishana na mjomba wako, ulisema ujamaa ndio uliowafundisha viongozi ubabe, yeye akasema ni uroho tu, mpe yeyote ufunguo wa ghala atakula. Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wanakula. Sasa nasema.

Azimio la Arusha la 1967 lilimfunga kiongozi mikono: asipokee mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asipangishe nyumba. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukamkataza na majivuno, dharau na uonevu. Ni maneno mazuri hata leo, usiyacheke. Basi Novemba 1973 ikatoka amri kwamba mpaka mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini.

Waliokuja na malori huku kwetu hawakuiba kitu. Hilo mjomba wako halijui, alikuwa Dar. Marehemu shangazi alipakiwa na kinu chake, godoro la sufi na kuku waliofungwa miguu, halafu tukaezua paa, wakaezua paa, ili asipate pa kurudi. Kuku walihesabiwa, akakabidhiwa wote mpaka kifaranga. Vijana waliimba njia nzima. Waliamini kabisa kwamba wanampeleka kwenye maji na shule, na shida ya maji ya Newala unaijua mwenyewe. Mikorosho yake ikabaki kule nyuma, ikamezwa na nyasi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000 za korosho, kisha mavuno yakaporomoka miaka na miaka. Bei mbaya nayo ilichangia, lakini nani atapalilia shamba lililo mwendo wa nusu siku?

Hapo hujanishinda, usishangilie. Wakubwa wa mikoa na wilaya walishindana nani kahamisha watu wengi, na vijiji vingine vikapangwa pasipo na kisima kwa sababu tarehe imekaribia. Hiyo ni tamaa, ila ni tamaa ya kusifiwa. Mjomba wako anaijua ya fedha tu.

Ya fedha nayo tumeiona. Miiko ile ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na zile bilioni 133 za EPA, akaunti ya madeni ya nje, zilizochotwa Benki Kuu hazikuhitaji itikadi yoyote. Korosho za 2018, serikali ilipozinunua yenyewe kwa kutumia jeshi, ulikuwepo, siyarudii. Kangomba, yule mlanguzi wa korosho, ni mnyonyaji, ananunua kwa kipimo chake wakati mtu ana njaa, nakubali. Lakini alipotafutwa yeye, kati ya waliokaa wakisubiri malipo walikuwemo hata wakulima wenye mashamba yao halali.

Mimi naona hivi. Mwenye tamaa ana aibu kidogo. Anakuja usiku, ukipiga kelele anakimbia. Mwenye uhakika anakuja mchana na karatasi, na ukilia anakuona hujaelimika. Wewe mama, wizi sikuhofii. Nakuhofia uhakika wako. Usimtume mgambo nyumbani kwa mtu.

Darasa ni zuri, nani kakataa? Lakini mkulima wa korosho ukimdai mchango mwezi wa tatu hana kitu, hata ukimchukulia baiskeli. Subiri minada, subiri wapate malipo yao. Mjane mwenye wajukuu mwulize kwanza anakula nini. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2003, kabla ya hapo wanaume walikuwa wanalala porini wakimkimbia mgambo, na aliyewatuma naye hakuwa mwizi. Alikuwa anajenga taifa.

Mapato na matumizi yasome mkutanoni kila miezi mitatu, hata wakija wazee sita na mbwa. Barua ya utambulisho usiiuze, buku mbili za mtu zitakufuata. Mwenyekiti wa kijiji akikukaribisha chakula nenda, akikupa bahasha mrudishie mbele ya mkewe. Na hiyo tabia yako ya kumkatiza mtu mzima akiongea uiache hapa hapa. Mama yako anasema umeirithi, hajasema kwa nani.

Tena nasema, mgambo asiende nyumbani kwa mtu. Hata kama sheria ndogo inakuruhusu. Hasa kama inakuruhusu.

Hapa hatujambo. Mguu wa mama yako unauma asubuhi tu. Salfa nimepata mifuko michache, mdogo wako anapulizia lakini anawahi kuchoka, anadhani mikorosho itajipulizia kwenye simu. Mbuzi mmoja tumemuuza, usiulize bei. Kuna ming'oko na kisamvu kikavu kwenye kiroba cha bluu, vile kwa mwenye nyumba wako na si vya kula mwenyewe ukiwa umejifungia.

Huko tembo wanaingia mashambani, usitembee jioni peke yako kwenda kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Mshahara wa kwanza usitutumie, nunua buti. Wa pili tutazungumza.

Baba yako