Tamasha lisilo na mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile iliyolalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kukaa wakasikiliza kwaya: wanasinzia, wanachezea simu, na nusu yao hutoka kabla ya wimbo wa mwisho. Nimefundisha kwaya ya Kilutheri huku Bukoba kwa miaka 31. Vijana mmewaonea. Kosa ni letu waandaaji, nami nimo.

Mwezi Juni 2019 wanakwaya sita tulialikwa Wuppertal, Ujerumani, kwenye makao makuu ya VEM, misheni ambayo dayosisi yetu ni mwanachama wake. Mji ule una treni inayoning'inia juu ya mto, na nilikuwa nimewaahidi wajukuu picha nikiwa ndani yake. Tukakuta imesimama tangu Novemba, baada ya kipande kirefu cha reli ya umeme kuanguka chini. Mama mwenyeji wetu alipotuona tumenyong'onyea, akasema basi atatupeleka tukamsikilize Grigory Sokolov. Hatukumjua. Tulidhani ni mhubiri.

Ukumbi unaitwa Historische Stadthalle, jengo la mwaka 1900, dari lake limenakshiwa hadi shingo inakuuma kwa kulitazama. Karatasi iliandika saa mbili usiku. Kwa hesabu za kwetu nilijua tutaanza saa tatu na nusu, nikatafuta pa kununua soda. Mama akanishika mkono. Saa mbili milango ikafungwa na waliochelewa wakabaki nje, wenye suti na wenye lulu shingoni.

Jukwaani palikuwa na piano moja nyeusi. Basi. Hapakuwa na meza kuu, bango la wafadhili, spika wala kipaza sauti. Nilimtafuta mshereheshaji kwa macho, nikafikiri labda ameugua. Taa zikapunguzwa hadi nikashindwa kusoma karatasi yangu. Akatoka mzee mnene mwenye mvi, koti lake lina mkia, akainama mara moja kama aliyevutwa kwa kamba, akakaa, na vidole vikawa vimeshaanza kazi kabla makofi hayajaisha.

Alianza na sonata ya mtunzi Beethoven, yaani utungo mrefu wenye sehemu kadhaa, ile ya tatu, kisha vipande 11 vifupi vya huyo huyo. Kile cha kumi kiliisha kabla sijamaliza kufunga kifungo cha koti. Baada ya mapumziko akapiga vya Brahms, mtunzi mwingine wa Kijerumani, vipande kumi mfululizo, na hakuna aliyethubutu kupiga makofi katikati. Ndugu Mhariri, mimi ni mtu wa vigelegele. Kipande cha pili kilipokwisha viganja vilikuwa vimeshapanda hewani, nikavirudisha mapajani taratibu. Lakini hapo ndipo nilipoanza kusikia. Mzee yule alikuwa akiachia sauti ya mwisho ikonde, ikonde, hadi huwezi kusema kama bado ipo au unaikumbuka tu. Ukimya uliofuata nao ulikuwa sehemu ya wimbo. Kwetu ukimya ule ungejazwa na "Wapi makofi? Hamjachangamka!"

Soprano wetu mmoja, binti wa miaka 22, ndiye aliyenishtua. Safari nzima hakutoa macho kwenye simu. Mle ndani nilimchungulia, simu imo mkobani, mdomo uko wazi. Hakuwahi kusikia kipande hata kimoja cha Brahms maishani mwake. Sasa niambieni, ni kijana gani huyu asiyejua kusikiliza?

Wakati wa mapumziko ndipo mama alipotueleza huyu ni nani. Amezaliwa Leningrad mwaka 1950. Mwaka 1966, akiwa na miaka 16 tu, alishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya piano ya Tchaikovsky kule Moscow, mwenyekiti wa majaji akiwa Emil Gilels, mpiga piano mkubwa wa Umoja wa Kisovieti. Wengi ukumbini walikuwa upande wa Mmarekani Misha Dichter, aliyeshika nafasi ya pili. Ushindi wa namna hiyo ungetosha mshereheshaji wetu kwa nusu saa, pamoja na kumwita mzazi wake asimame apungie watu. Pale hakuna aliyeutaja. Mtu aliyeutaka alijisomea.

Mama akaongeza kwamba Sokolov ameacha kabisa kupiga na okestra. Hupiga peke yake, na programu moja huzunguka nayo miji mingi kwa miezi. Haingii studio kurekodi. Sahani zake za muziki zinatokana na maonyesho ya mbele za watu. Kabla ya onyesho hukaa saa nyingi na piano, akiikagua pamoja na fundi wa kutyuni. (Ya kwetu kanisani imegeuka stendi ya maua, na maji ya vyungu yameshaingia ndani.) Na miaka mingi hajapiga Uingereza, kwa sababu masharti ya viza yalianza kudai alama za vidole naye akagoma. Hapo tulicheka sote sita. Sisi tulipokuwa tunaomba viza Dar es Salaam tuliweka vidole vyote kumi, na kama wangetaka vya miguu tungevua viatu.

Programu ilipokwisha watu walisimama, naye akarudi akapiga nyongeza. Akainama, akaondoka, akarudi tena. Mara sita. Uso wake haukubadilika hata kidogo, wala hakusema neno, hata asanteni. Hilo mimi sikulipenda, nakiri. Mtu akikushangilia hivyo, angalau tabasamu. Ila tulipotoka nje ilikuwa karibu saa tano, na sikukumbuka kuangalia saa hata mara moja.

Sasa nitazame la kwangu. Mwaka uliofuata ule wa safari niliandaa tamasha la kwaya nne. Tulitangaza saa nane mchana. Mgeni rasmi aliingia saa kumi kasorobo, tukampokea kwa ngoma, tukasoma risala, tukamtambulisha kila aliyeketi meza kuu, tukafanya harambee. Watoto wa kwaya ya shule ya Jumapili walisimama juani na sare zao hadi mmoja akazirai. Nyimbo zilipata dakika 50. Hotuba na matangazo, mbili na ushee, ninazungumzia saa. Vijana waliotoka kabla ya wimbo wa mwisho walikuwa wamekaa kuliko subira ya Ayubu.

Desemba iliyopita tukajaribu namna nyingine. Karatasi moja yenye majina ya nyimbo, kuanza saa kumi kamili, spika zimezimwa, mlango unafunguliwa kati ya wimbo na wimbo tu. Mlangoni nilimweka kijana wa kidato cha pili. Mgeni rasmi, maana kamati ilimwalika nyuma ya mgongo wangu, alifika amechelewa dakika 50 akakuta wimbo unaendelea. Kijana akamwomba, kwa adabu zote, asubiri. Alisubiri dakika tatu, akaingia, akakaa benchi la nyuma kabisa karibu na vijana wa bodaboda, ambao hakuna hata mmoja wao aliyetoka hadi mwisho.

Kamati imeniandikia barua ya kutaka maelezo. Wiki ya tatu hii iko mezani, nami bado naandaa tamasha la Pasaka.

Mwalimu wa kwaya,
Bukoba