Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: mji huu haujalala

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Ngamiani. Nakuandikia kuhusu masihara ambayo wageni wetu hawachoki nayo. Mtu akifika Tanga na kupewa kipaza sauti, ataanza na limbwata, atamalizia na majini, na katikati atasema mji umelala. Ukumbi unacheka. Nasi tunacheka, maana mgeni haaibishwi. Lakini vijana wetu wakienda kutafuta kazi Dar es Salaam wanayakuta maneno hayohayo, na huko hayachekeshi.

La uchawi silijibu kwa urefu. Matangazo ya waganga yamejaa kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam, na wateja wao sidhani kama wanatoka Ngamiani.

Hili la kulala ndilo linaloniuma. Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na mwaka huohuo mkonge ukaletwa nchini. Kufikia miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mashamba ya mkoa huu. Manamba waliokuja kuukata walitoka Songea, Kigoma, hata Burundi. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ni majirani zangu, kwa hiyo huyo anayewacheka Watanga huenda anawacheka binamu zake.

Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na baadaye viwanda vya mjini navyo vikazima kimoja baada ya kingine. Aliyekuwa akiamka alfajiri na baiskeli yake kwenda zamu akabaki barazani. Mgeni anapita, anamwona amekaa, anaandika: mvivu.

(Wanapenda pia kututajia ule msemo wa Tanga, "waja leo waondoka leo". Kwa Waingereza walioshuka hapa Novemba 1914 kuuteka mji, ilitimia: siku chache tu, wakarudi melini, nyuki waliowashambulia vitani wakiwa wamechangia.)

Ombi langu, Mheshimiwa: kabla ya kipaza sauti, wageni wapelekwe bandarini. Waone meli kubwa zikifunga gatini, pale ambapo kwa miaka mingi zilitia nanga mbali na mizigo kuletwa kwa matishari. Wapelekwe Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Muda ukiruhusu, wafike Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, wajue Kiswahili hicho wanachotukejeli nacho kimepambwa na nani.

Na vijana wa hapa wakipeleka maombi ya kazi bandarini au Chongoleani, simamia yasomwe kama ya wengine. Wanazo sifa, wengine vyeti vyao nimevitoa kopi mwenyewe dukani kwangu.

Wako,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga