Barua Niliyoifunga Kwenye Pampu ya Grisi

Njoro, Jumapili usiku

Mwanangu, mama yangu kwa jina,

Barua hii nimeiviringisha kwenye pampu ya grisi nikaikaza na mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu nataka kujua utaisoma lini. Ningekwambia yote kwa mdomo, lakini wewe huniambia "sawa baba" kabla sijafika katikati. Ukiisoma, nitumie tarehe kwenye simu. Tarehe tu, hata salamu usiweke. Mwezi ukiisha bila tarehe nitajua pia.

Kazi yenyewe sina neno nayo. Visima vya Turkana vinataka mtu anayejua pampu, na wewe pampu unazijua kuliko hao watakaokuwa wakikupa amri. Jirani alishaniuliza kama huko hakuna nafasi ya kijana wake. Nilimwambia kijana wake amalize kwanza deni la pikipiki. Usimwambie mama yako nilijibu hivyo.

Neno langu ni ile kong.

Jana jioni ulipotoka getini, ulipoachilia klachi, gari lilisema kong. Mara moja. Redio ulikuwa umeifungulia mpaka mwisho. Uliporudi ukatia rivasi kuliingiza chini ya mti, kong tena. Nilikuuliza, ukasema ni vitu vya nyuma vinagongana. Nyuma hakukuwa na kitu, nilikuwa nimevishusha vyote mimi mwenyewe asubuhi.

Mlipolala leo nikaingia chini na tochi. Propela ya mbele, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini magurudumuni, ni nzima, haina mchezo hata ukiitikisa kwa mikono miwili. Ya nyuma, kros ya upande wa giaboksi, kile kiungo cha umbo la msalaba, ni nzima. Kros ya upande wa difu, kwenye ekseli ya nyuma, ndiyo hiyo. Kwenye ukingo wa kikombe kimoja palikuwa na unga mwekundu, laini, kama pilipili ya kusaga. Nilidhani ni udongo. Nikaupangusa na kitambaa, nikageuka kutafuta miwani, nikatikisa propela, ukatoka mwingine. Udongo hautoki ndani ya chuma, mama. Hiyo ni kutu. Ndani ya kila kikombe kuna sindano zimepangwa duara, nyembamba kama njiti za kiberiti, na ndizo zinazobeba nguvu yote ya injini ikienda magurudumuni. Zikikosa grisi zinasagana zenyewe kwa zenyewe, na unaouona nje ndio unga wake.

Nikafuta kichuchu cha grisi vizuri, maana ukipachika pampu juu ya mchanga unausukuma mchanga ndani, ni afadhali ungeacha. Nikapampu. Kros ina vikombe vinne na grisi inatakiwa kutokea kwenye vyote vinne, ndiyo dalili kwamba imefika. Vitatu vikatoa. Cha nne, kile cha unga, kimya. Nikapampu mpaka mkono wa pampu ukaanza kuninyanyua. Kimya. Nikatoka chini, nikamwamsha kitindamimba wako, nikaondoa mawe ya magurudumu, akasukuma gari nusu hatua ili propela izunguke na ule uzito uhamie kikombe kingine. Nikarudisha mawe, nikaingia tena. Hapo kikaachia. Kwanza yalitoka maji, rangi ya chai ya rangi. Halafu kitu chekundu kama uji wa wimbi. Halafu kikatoa nyeusi, na mwishowe ndiyo grisi yenyewe ikaja, safi. Nilihesabu mara kumi na moja.

Maji, mama. Ndani ya kros.

Mwezi wa nne ulilichukua ukaenda nalo Baringo wakati wa mvua, ukavuka maji sijui mara ngapi, na uliporudi ukalipeleka likaoshwe kwa mashine ya presha mpaka chini. Liling'aa kweli. Mama yako alilipiga picha. Lakini ile presha ndiyo inayopitisha maji kwenye sili, na ukishavuka mto unatakiwa kupampu grisi jioni hiyohiyo ili isukume maji nje. Sio wiki ijayo. Kuosha unajua sana. Na mimi nilikuwa hapa miezi yote hiyo, gari likiwa limeegeshwa hatua ishirini kutoka stoo, na pampu ikiwa stoo. Basi tuyaache.

Kwenye sanduku hili la vifaa, lenye pampu, kuna kros mpya, ya Land Cruiser 75, imefungwa kwenye gazeti. Ni ile ya Kijapani, si ya kubahatisha. Gazeti ni la 2022, tarehe yake usiiangalie sana. Nilikuwa nangoja jiliwa, kile chombo cha kubania chuma, irudi kutoka kwa yule niliyemwazima.

Nilikuomba uondoke Jumanne. Kesho asubuhi ningeenda mjini, ningetafuta jiliwa, kufikia jioni ungekuwa tayari. Ukasema ofisi inakungoja. Ofisi ingekungoja siku moja zaidi, lakini nyinyi wa siku hizi hamtaki kuanza kazi kwa kuomba ruhusa, na hilo nalo sijui nani aliyekufundisha kama si mimi. Kwa hiyo kros itabadilishwa Kitale. Nimekwambia kwa mdomo mara tatu na nimeandika kwa chaki kwenye dashibodi: KITALE. Pale mafundi wapo, spea zipo, na kuna mahali pa kukaa unywe chai. Ukishapita Kapenguria unashuka Marich, na baada ya Marich ni Kainuk. Sitaki uwe chini ya gari Kainuk saa kumi jioni. Habari za pale unazisikia kama ninavyozisikia.

Kama uko Kitale sasa hivi na barua iko mkononi, Mungu akubariki. Kama umeifungua Lodwar, basi usiende popote kesho. Badilisha papo hapo.

Fundi akianza, usikae kwenye chai ukatazama simu. Simama hapo. Kabla hajafungua chochote, apake rangi mahali ambapo propela imeungana na difu, ili irudi ilivyokuwa. Na ile sehemu ya meno inayoteleza asiichomoe, haina haja. Akiichomoa, aweke alama kwanza, kwa sababu uma wa huku na uma wa kule lazima vilale sambamba. Jino moja tu likipita gari linatetemeka mpaka unadhani ni tairi, unasawazisha magurudumu yote manne, unalipa, na bado. Najua kwa sababu nilishasawazisha na nikalipa.

Kros ya zamani aitoe kwa jiliwa. Akichukua nyundo, mwambie hapana kwa heshima. Mpya nayo aiingize kwa jiliwa, taratibu. Kuna kitu kimoja ambacho wengi hawakipendi kwa sababu kinachelewesha: wakati wa kuingiza kikombe, sindano moja huanguka ikalala chini. Ukitazama nje huoni. Utaona tu kwamba ile klipu haifiki kwenye mfereji wake, imebaki kidogo hivi. Hapo ndipo nyundo inapotafutwa. Usikubali. Kikombe kitoke, sindano zisimamishwe upya, zinatulia zenyewe ukizipaka grisi, kisha kirudi. Klipu zote nne ziwe zimekaa mfereji mzima, uziguse kwa kidole wewe mwenyewe. Halafu ashike propela aikunje huku na huku. Iende laini, isikwame mahali.

Halafu uipampu, hata kama mpya. Ile grisi inayokuja nayo kutoka kiwandani ni ya kuizuia kutu dukani tu.

Mahali pa kupampu ni sita, usisahau hesabu. Propela ya mbele ina kros mbili na meno, ya nyuma vivyo hivyo. Watu hupampu ya nyuma wakaisahau ya mbele kwa sababu ya mbele inafanya kazi ukitia fowili tu, magurudumu yote manne yakivuta. Kros pampu mpaka vikombe vinne vitoe. Meno, hapana. Meno ni mara mbili au tatu, basi. Ukiyajaza, ile nafasi ya ndani inashiba grisi, na gari likiingia shimoni propela inataka kufupika haipati pa kwenda, inasukuma giaboksi huku na difu kule. Mimi miaka mingi nilikuwa nayajaza nikijisifu. Grisi ni lithiamu namba 2, kopo liko hapa la kilo moja. Usichanganye na ya kupimiwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia, hujui imechanganywa na nini. Kila kilomita 5,000, na kila siku utakayovuka lagga, mto wa msimu, yenye maji. Kila siku utakayovuka, nimeandika mara mbili kwa makusudi.

Magurudumu ya mbele chungulia upande wa ndani. Ukiona supu nyeusi inachuruzika kwenye tairi, mafuta ya difu yameingia kwenye grisi ya nakoli, kile kifundo gurudumu linapokatia kona. Hiyo haitakusimamisha njiani leo, nipigie tuongee.

Ikikatika kabla hujabadilisha, sikiliza. Kwanza utajua: itatoka kong hadi kelele ya mfululizo, na gari litatetemeka ukifika 60. Usingoje ikatike kabisa, propela ikianguka ikiwa inazunguka inachapa kila kitu kilicho jirani, na paipu ya breki iko jirani. Simama. Weka mawe, mbele na nyuma. Spana mbili za 14 nimezifunga pamoja kwa waya. Fungua boliti nne upande wa difu na nne upande wa giaboksi, toa propela yote, itupe nyuma. Geuza habu za mbele, vile vifungo vya katikati ya magurudumu, zifunge, kulia na kushoto, tia fowili, na gari litaenda kwa magurudumu ya mbele peke yake. Polepole, usikamue mlimani. Litakufikisha mahali pa watu. Boliti usizipoteze, tia kwenye soksi.

Ya Timboroa siandiki, ulikuwepo. Ila yule kijana wa gereji niliyemfokea mbele yako kwamba alituuzia kros bandia, kros yake ilikuwa nzuri. Ilikaa mwaka mzima haijaona pampu, na mwenye pampu alikuwa anajulikana. Siku hizi anauza viazi kando ya barabara, baada tu ya kituo cha lori, upande wa kushoto ukipanda. Ukipita na yuko, nunua debe. Usimwambie ni kwa nini. Au mwambie, shauri yako.

Mama yako anasema umeacha sweta. Nikamwambia Lodwar hakuna wa kuvaa sweta, akasema Timboroa alfajiri yupo. Limo nyuma ya kiti. Neti ya mbu nayo iko hapo, na unga kilo kumi wa mahindi yetu, usagaji wa jana, sio ule uliokuwa na fukusi. Ule nimewapa kuku. Mahindi yaliyobaki sijui kama yatafika mwezi wa nane, nafikiri tuuze magunia manne sasa kabla bei haijaanguka lakini mama yako anasema tungoje. Ukipiga simu usichukue upande.

Kitindamimba anataka viatu vipya vya shule, vya zamani eti vimemfanya achekwe. Nimemwambia aviangalie vyangu. Usimtumie pesa moja kwa moja, atanunua vya mpira. Nitumie mimi. Na ukitumia usiwe unaweka ya kutolea halafu unasema hukuweka, naona kwenye ujumbe.

Ng'ombe wa mabaka hajala vizuri tangu jana. Nitamwita daktari wa mifugo ukishaondoka, kwa hiyo saa tatu usinipigie, sitashika. Piga ukifika Kitale. Sema tu "Kitale", nitajua fundi ameanza.

Nilitaka kuandika pia kuhusu bomba la tangi la maji lakini hilo ni langu na mama yako.

Taa ya chumba chako imewaka. Hata saa kumi haijafika. Wacha nikaangalie maji ya redieta kabla hujatoka kuniambia ulishaangalia.

Baba yako