Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo: Tupeni ufunguo wa viwanja

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: VIWANJA VYA TENISI NA UKUMBI WA MPIRA WA VINYOYA (BADMINTON)

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima inayostahili ofisi yako. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za bahasha nimeshaleta, zikapigwa mhuri wa kupokelewa, na mpaka leo hakuna hata moja iliyojibiwa. Mimi ni mwalimu wa kujitolea wa tenisi katika viwanja vinavyosimamiwa na ofisi yako. Silipwi na sijawahi kudai kulipwa. Ninachodai nitakitaja, lakini kwanza nikueleze kilichotokea Jumamosi iliyopita, maana huenda hukuambiwa.

Tulifika asubuhi tukakuta uwanja wa pili umefunikwa mahema. Ofisi yako ilikuwa imeukodisha kwa sherehe. Lori liliingia mpaka ndani kushusha viti na jukwaa, na vigingi vya mahema vikapigiliwa kwa nyundo kwenye sakafu, kuanzia mstari wa nyuma mpaka karibu na wavu. Watoto walikuwa wamesimama nje ya uzio, raketi mkononi, wananitazama mimi niwaambie la kufanya. Nikawarudisha makwao.

Mahema yalipoondolewa niliingia kukagua. Tundu la kigingi linaingia kidole gumba tu, na asiyejua atasema lizibwe kwa saruji mambo yaishe. Hayaishi, Ndugu Mkurugenzi. Sakafu ile ni matabaka membamba ya akriliki juu ya lami, na akriliki ndiyo inayoyazuia maji yasipenye. Ukishaitoboa, mvua inashuka mpaka kwenye kokoto, kokoto inatitia, kisha ufa unaanza kutoka tundu moja kwenda jingine. Uwanja wa kwanza uliharibika hivyo hivyo. Ulianza na ufa wa unene wa unywele, tukauripoti, ukaachwa. Leo mpira ukiangukia pale hauinuki, unachepuka, na mtoto anayeukimbilia anajikwaa kwenye ukingo wa lami uliobenuka. Na lile lori nalo limeacha mabonde. Uwanja wa tenisi hujengwa kwa mteremko mdogo sana wa upande mmoja, kama sentimita 1 kwa kila mita 1, ili maji yatiririke yatoke. Penye bonde maji yatatuama, na penye maji yaliyotuama ndipo rangi huanza kubanduka. Sijui sherehe ile iliingiza kiasi gani. Najua tu kwamba haitatosha kuutengeneza uwanja.

Sasa naomba nikukumbushe maneno yako mwenyewe. Ulipokuja kufungua bonanza la shule ulisimama juu ya sakafu hiyo hiyo, ukatuahidi kwamba taa zitarudi, choo cha wasichana kitafunguliwa, na geti halitafungwa tena wakati watu wanataka kucheza. Tulikupigia makofi mengi. Wazazi walikuwepo, walimu wakuu walikuwepo, na watoto waliokusikia wamekuwa wakiniuliza mimi taa zinakuja lini, kana kwamba ahadi ile niliitoa mimi.

Taa hazijawaka. Choo kina kufuli. Na geti ndilo hasa lililonifanya niandike.

Geti linafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, kwa kuwa hizo ndizo saa za ofisi. Jumamosi ni nusu siku, Jumapili halifunguliwi kabisa. Naomba ulitafakari jambo hili kwa utulivu, Ndugu Mkurugenzi. Saa mbili asubuhi mfanyakazi anaingia kazini na mwanafunzi yuko darasani. Saa kumi wanaanza kutoka. Wakifika uwanjani wanakuta mlinzi ameshafunga mnyororo, naye hana kosa, amepewa amri. Kwa hiyo viwanja viko wazi saa zote ambazo hakuna wa kuvitumia, na vinafungwa saa ile ile watu wanapokuja. Kisha mwisho wa mwaka tunaambiwa fungu la matengenezo limepunguzwa kwa kuwa wachezaji ni wachache. Wachezaji si wachache. Wamesimama nje ya geti.

Nikupe hesabu rahisi. Mchezo wa wawili kwa wawili unachukua watu wanne kwa saa. Uwanja mmoja ukiwa wazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, bila hata taa moja, unahudumia watu 48 kwa siku. Na hao ni watu wazima. Kwa watoto idadi inapanda sana, kwa sababu mtoto wa miaka minane hatakiwi kufundishwa kwenye uwanja mzima. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilishalimaliza suala hili: tangu 2012 kanuni zake haziruhusu mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini kuchezwa kwa mpira wa kawaida wa njano. Wanatumia mpira mwekundu, wa rangi ya chungwa au wa kijani, ambao ni wa polepole zaidi, na wadogo kabisa wanachezea uwanja mdogo wenye wavu wa sentimita 80. Uwanja wa tenisi una upana wa mita 10.97 na urefu wa mita 23.77. Viwanja vidogo vya watoto ukivilaza kwa upana wake, vinaingia vinne kwenye uwanja mmoja. Hapo una watoto 16 wanacheza kwa wakati mmoja, wote wanagusa mpira, hakuna aliyepanga foleni akisubiri zamu ya kupiga mara moja na kurudi nyuma. Gharama yake ni chaki, kamba ya kufunga badala ya wavu, na mipira laini. Tumekuwa tukifanya hivyo kila tunaporuhusiwa kuingia, na mtoto anayeweza kurudisha mpira mara kumi mfululizo siku ya kwanza hukosi kumwona wiki inayofuata. Anayekaa siku nzima akiokota mipira nje ya uzio harudi.

Nimesikia ikisemwa, na hata kwenye ofisi yako nimeisikia, kwamba michezo ya raketi ni ya wenye nacho na kwamba fedha za umma ziende kwenye michezo ya wananchi. Anayesema hivyo ajue mabingwa wametoka wapi. Arthur Ashe alikulia ndani ya bustani ya umma ya Brookfield kule Richmond, Virginia, Marekani, kwa sababu baba yake alikuwa mtunzaji wa bustani hiyo. Ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi, viwanja vizuri vya mji vilikuwa vya weupe tu, lakini vile vya jirani na mlango wao vilikuwa wazi kwake. Mwaka 1975 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa taji la Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, kwa mchezaji mmoja mmoja. Billie Jean King alifundishwa bure kwenye viwanja vya umma vya Long Beach, California. Venus na Serena Williams walianzia kwenye viwanja vya umma vya Compton, California, na Serena alitwaa mataji 23 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja. Mchezo huu unakuwa wa matajiri pale tu viwanja vya umma vinapofungwa, kwa sababu hapo mwenye uwezo anakwenda klabu na asiye na uwezo anabaki kuchungulia.

Kwa nini tumefika hapa, mimi nadhani, na naomba unisahihishe kama nakosea, ni kwamba ofisi yako inahesabu fedha za kukodisha lakini haina daftari la wachezaji. Sherehe ina risiti. Mtoto aliyejifunza kupiga mpira kwa mkono wa nyuma hana risiti. Basi mwenye kuandika taarifa anauona uwanja kama eneo tambarare lisiloingiza kitu. Ndiyo maana hata ukumbi wa mpira wa vinyoya umegeuzwa stoo ya madawati mabovu. Mistari ya mita 13.40 kwa 6.10 bado iko sakafuni, nimeiona kupitia dirishani, chini ya vumbi. Vioo vya upande wa upepo vimevunjika, na kile kipira chenye manyoya 16 hakizidi gramu 5.5, upepo ukipita dirishani tu kinahama mstari. Vioo vikirudishwa na madawati yakitolewa, jioni hiyo hiyo watu wanacheza. Meza za tenisi ya meza nazo zimo humo humo, zimesimamishwa ukutani.

Kuna maneno mengine yanayozunguka, kwamba viwanja atapewa mwekezaji avunje na kujenga viwanja vya padeli, mchezo wa raketi unaochezwa ndani ya kuta. Kama ni uvumi, ukanushe. Kama ni kweli, tuambiwe. Mimi siupingi mchezo wenyewe. Ulianza Mexico mwaka 1969, uwanja wake ni mita 20 kwa 10, mpira unaanzishwa kutoka chini ya kiuno na kuta za kioo zinaurudisha ndani, kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kushika raketi anacheza na kufurahi siku hiyo hiyo. Ni njia nzuri sana ya kuvuta watu wapya. Lakini kiwanja cha umma kikikabidhiwa bila sharti la saa za bure kwa wanafunzi na ada ndogo kwa wakazi, hapo hatujaongeza mchezo, tumewaondoa waliokuwepo. Jengeni pembeni, nafasi ipo.

Nilisema sidai mshahara, na bado sidai. Lakini wavu tunaoutumia nauweka nyumbani kwangu kwa sababu stoo ya uwanjani imefungwa na ofisi yako, na kila siku ya mazoezi naubeba begani kwenda na kurudi. Waya wake umenichubua bega mpaka pameota sugu. Mipira nanunua kwa fedha yangu. Ikishapoteza presha haidundi vizuri, tunaendelea nayo hivyo hivyo mpaka inapauka na kuota upara. Raketi tunafunga mipini kwa utepe wa baiskeli. Mke wangu ameacha kuniuliza kwa nini fedha ya nyumbani inaishia uwanjani, na kwa kweli kunyamaza kwake kunaniumiza kuliko alipokuwa akiuliza. Yote haya nimeyabeba na ningeendelea kuyabeba, laiti ningekuta geti liko wazi.

Kuna kijana anayetumia kiti cha magurudumu ambaye amekuwa akija kutazama. Tenisi ya viti vya magurudumu si kitu kigeni. Ilianza kutoa medali katika Michezo ya Paralimpiki mwaka 1992, uwanja ni ule ule, wavu ni ule ule, tofauti ni kwamba mchezaji anaruhusiwa mpira udunde mara mbili. Nikamwambia aingie ajaribu. Mlango mdogo wa pembeni, ambao ndio pekee mlinzi anaruhusiwa kutufungulia tukichelewa, haupitishi kiti chake. Geti kubwa lilikuwa na kufuli. Lori la viti vya sherehe lilipita geti hilo hilo kubwa, limefunguliwa pande zote mbili.

Na wasichana. Nilianza nao wengi, sasa wamebaki wachache. Nilidhani wamechoka, nikaenda kuwauliza wazazi. Jibu ni moja: hakuna choo, na wakitoka jioni njia ni giza. Mzazi anayemzuia binti yake kwa sababu hizo simlaumu. Ufunguo wa choo uko kwenye droo ya ofisini kwako, mhudumu wako alinionyesha.

Nilikuwa nimekusudia kukuletea orodha ndefu. Kupiga rangi upya, taa, vioo, ukuta wa mazoezi wenye mstari wa kimo cha wavu ili hata mtu aliyekuja peke yake apate mwenzake wa kucheza naye, utaratibu wa kuandikisha saa kwenye daftari getini ili watu wasigombane. Yote yanahitajika, na uwanja wa pili lazima uzibwe na mtu anayeijua akriliki kabla ya mvua, siyo fundi yeyote na ndoo ya saruji. Lakini nimeshajua kwamba nikiomba mambo mengi nitajibiwa kuwa bajeti haijapita. Basi naacha yote, naomba moja lisilohitaji bajeti, zabuni wala kikao.

Tupeni ufunguo. Wa geti kubwa na wa choo. Tumeshaunda kamati ya wachezaji na wazazi. Tutafungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga giza likiingia, kila siku, Jumapili ikiwemo. Tutaandika kila anayeingia, umri wake na mchezo wake, na kila mwisho wa mwezi daftari litaletwa mezani kwako ili taarifa yako iwe na idadi ya watu. Kikiharibika kitu mikononi mwetu, jina langu ndilo litakalokuwa kwenye karatasi. Na kabla uwanja haujakodishwa tena kwa jambo lisilo la michezo, tuulizwe.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa ofisini kwako na wajumbe wawili wa kamati kuupokea na kutia saini. Kama utakuwa safarini, naomba uuache kwa katibu muhtasi wako.

Wako katika ujenzi wa michezo,

Mwalimu wa kujitolea, viwanja vya tenisi