Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Pili

Kwa wazazi na walezi wetu,

Assalaam aleikum.

Muhula wa pili tumeufunga salama, alhamdulillahi. Kila mwanafunzi amepewa ripoti yake, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini yake. Mwenye salio la karo apite ofisini tuzungumze.

Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini kidato cha tatu wamekuwa wakirudi nyumbani na matope hadi magotini. Walikuwa wakisoma maliasili na utunzaji wa mazingira. Mada hizi zimo kwenye silabasi, na mtihani wa taifa wa Jiografia huuliza kuhusu utafiti wa nyanjani, kwa hivyo hawakupoteza wakati. Lakini hata kama zisingetahiniwa, ningewatoa darasani. Hakuna kaunti nchini yenye mikoko mingi kama yetu, na ni aibu kijana wa Lamu kuijua kwa picha za kitabuni.

Mwalimu wao huko alikuwa mzazi mwenzenu, mkataji wa mikoko mwenye leseni. Maji yalipokupwa aliwaingiza ndani, akawafundisha kutofautisha fito, pau, boriti na nguzo kwa unene, na jinsi zinavyohesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Kisha akawasimamisha mbele ya visiki viwili. Cha mchu, aina moja ya mikoko, kilikuwa kimetoa machipukizi pembeni. Cha aina nyingine, mkoko wenyewe, kilikuwa kikavu. Mkoko ukikatwa shina hauchipui tena. Hurudi kwa mbegu tu, zile ndefu zinazoota zingali mtini na kudondokea matopeni. Ndiyo maana mkataji anayejua kazi huacha miti mikubwa ya kuzaa mbegu. Mahali pengine walikuta miche iliyopandwa kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, yote imekufa. Binti mmoja aling'oa mche na kukuta mizizi ingali ndani ya mfuko wa plastiki. Siku ile hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini kuhesabu miche iliyopandwa si sawa na kuhesabu miti iliyokua.

Safari nyingine ilikuwa Shela, kwenye vilima vya mchanga. Mji wa Lamu unategemea maji ya visima vya huko. Mvua huchujika mchangani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi. Yakivutwa kwa pampu kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Vilima vikijengwa au mchanga ukichotwa, ghala lenyewe linaharibika. Naomba jambo hili lizungumzwe majumbani, maana wanaochimba visima na wanaonunua mchanga ni sisi watu wazima.

Tulisoma pia uamuzi wa Juni 2019, pale jopo la kitaifa la mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa hapa Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walisoma na kifungu cha 42 cha Katiba kuhusu haki ya mazingira safi, wakajadiliana kwa ukali: wengine walitaka ajira za mtambo, wengine walihofia uvuvi. Sikuwaambia nani ana haki. Nataka watoto hawa wakiitwa kwenye baraza kesho wajue kuuliza maswali.

Kazi ya likizo ni moja. Kila mwanafunzi apime kisima cha nyumbani au cha jirani kila Ijumaa asubuhi, kabla ya ndoo ya kwanza: ateremshe kamba yenye jiwe, aandike kamba iliingia kiasi gani hadi kugusa maji, na ladha ya maji yenyewe. Sasa visima bado vina maji ya masika. Tunataka kuona yanavyoshuka kuelekea kaskazi, kwa hivyo upimaji utaendelea muhula ujao. Tafadhali msimamieni, hasa walio wadogo kwa kimo, na kisima kisiachwe wazi. Wazee waulizwe kisima kilichimbwa lini na kama maji yake yamebadilika. Majibu yao yaandikwe kwenye daftari hilohilo.

Muhula wa tatu tunakusudia kuwapeleka kidato cha pili upande wa kisiwa cha Manda. Tunahitaji mashua mbili na maboya ya kuvaa ya kuwatosha wote. Mzazi mwenye chombo, au anayemjua nahodha mwaminifu, amwone mwalimu wa Jiografia wiki ya kwanza tukifungua.

Wenu,
Mwalimu Mkuu